Profesa aliyekuwa mwanafunzi mbovu wa fidla

Siku tuliyomzika profesa wetu wa biolojia, aliyelia kutushinda sote alikuwa dada mmoja aliyebeba kasha la fidla. Hatukumfahamu. Mwenzetu akamsogelea, akampa pole, akamuuliza kama naye alisoma kwa Prof. "Hapana," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa namfundisha. Miaka tisa. Katika wanafunzi wangu wote hakuna aliyekuwa mbovu kama yeye." Akacheka, kisha akaangua kilio upya.

Tukatazamana. Kwamba anapiga fidla tulikuwa tukisikia. Mara nyingi aliingia darasani na unga mweupe wa ulimbo, ule unaopakwa upinde wa fidla, kwenye mkono wa koti, nasi miezi ya mwanzo tukadhani ni chaki. Ila tulijua anaipiga vizuri. Mtu anayezijua seli kama vidole vyake, atashindwaje na nyuzi nne?

Alishindwa. Na hakushindwa na fidla peke yake. Nyuki walimuuma mpaka uzeeni. Saa mbovu alizokuwa akiokota na kuzifungua, nyingi ziliishia kwenye makopo, vipande vipande. Alirekodi milio ya ndege alfajiri, na mara nyingi kilichosikika zaidi kwenye rekodi ni yeye mwenyewe akikohoa. Watu wa namna hii wakishafariki huwa tunawapamba, tunasema walijaliwa vipaji vingi. Yeye alikuwa na kipaji kimoja, biolojia. Hayo mengine aliyapenda tu, na aliyapenda kweli.

Nafundisha sasa, na walimu wanaoanza kazi wakiniuliza wafanye nini ili wasichoke na wanafunzi, nawaambia: tafuta kitu usichokiweza, ukifanye kila wiki. Wengi hudhani natania.

Ngoja nieleze nilivyolijua hili. Wiki yangu ya kwanza maabara tulipewa hadubini na kipande cha ngozi ya kitunguu, tuchore seli. Nikachora duara moja kubwa, safi, lenye ukingo mweusi mnene. Nililipenda. Msimamizi aliyepita kwanza (simtaji) akaangalia karatasi yangu, akasema kwa sauti ya kusikika na meza ya tatu kwamba hata mtoto mdogo asingechora hivyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Prof. alipofika alivuta kiti, akakaa, akaweka jicho kwenye hadubini kwa muda mrefu. "Kiputo cha hewa hiki," akasema polepole. "Na umekichora vizuri. Kiputo ndicho chenye duara kamili na ukingo mweusi. Seli za kitunguu zimepangana kama matofali, na hazikutafuti, wewe ndiye unayezitafuta. Zungusha hapa taratibu." Nikazungusha. Matofali yakajitokeza, na ndani ya kila moja kiini chake. Alipokuwa anasimama akaniambia kitu ambacho wakati ule sikukielewa: "Jana nimeshika upinde saa nzima, sijatoa sauti moja ya maana. Pole."

Miaka mingi baadaye, nikimsikiliza yule dada pale makaburini, ndipo nilipoelewa. Msimamizi alikuwa amesahau mtu asiyeona huwa anaona nini. Prof. hakupata nafasi ya kusahau, kwa sababu kila Alhamisi jioni alikuwa anakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, anakosolewa na binti mdogo kwake kwa mbali.

Na makosa yake hakuyaficha. Kuna Jumatatu aliingia amevimba jicho moja, akaandika ubaoni 16, 21, 24, akatugeukia. "Malkia, kibarua, dume," akasema. Ndizo siku ambazo nyuki wa asali huchukua toka yai mpaka kutoka chumbani. Malkia na kibarua huanza na yai la aina moja. Kinachowatenganisha ni lishe wanayopewa wangali majana, yaani mabuu. Malkia mkongwe naye hasubiri mrithi wake atoke. Vyumba vya malkia wapya vikishazibwa, siku kama nane au tisa tangu yai litagwe, yeye huondoka na sehemu kubwa ya kundi. "Nimefundisha hayo miaka ishirini," akasema, "na juzi nimekosea kuhesabu, nyuki wangu wamenihama." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza. Nimesahau mihadhara mingi, ila zile namba tatu unaweza kuniamsha usiku wa manane nikakutajia.

Alipenda pia kututajia Charles Darwin, mwanasayansi aliyeeleza mageuzi ya viumbe, ila si yule wa visiwani na kobe. Alimpenda Darwin mzee, ambaye mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alitoa kitabu kizima kuhusu nyungunyungu. Darwin aliwapulizia filimbi ya chuma, wasishtuke. Akawasikilizisha basuni, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, kimya. Lakini vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano na noti ikapigwa, wakatumbukia mashimoni mara moja: hawasikii, ila mtetemo wanauhisi. Hadithi hiyo Prof. aliisimulia kwa raha. Iliyomhuzunisha ni ile nyingine, ambayo Darwin aliiandika mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake: kwamba ujanani alifurahia mashairi, na uzeeni hakuweza kuvumilia hata mstari mmoja, na Shakespeare akamchosha. Akasema kama angeishi tena angejiwekea kanuni ya kusoma mashairi kidogo na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa wiki. "Mnaona?" Prof. alikuwa akituambia. "Mara moja kwa wiki tu. Hata hiyo ilimshinda."

Basi ukitaka kujaribu, haya ndiyo niliyoyaona kwake na kuyaonja mwenyewe. Chagua kitu kinachokuumbua papo hapo. Kusoma habari za muziki hakutoshi, kwa sababu kitabu hakikwambii umekosea. Fidla inakwambia, na majirani wanakwambia. Tafuta mwalimu, na akiwa mdogo kwako ndiyo bora zaidi, ingawa siku za mwanzo utaumia. Mimi nilianza masomo ya kuchora nikiwa nimeshapita arobaini, na mwalimu wangu, kijana wa juzi, alitazama mkono niliouchora akaniuliza kwa adabu zote kama ule ni mti. Kesho yake nilisahihisha mitihani kwa upole ambao wanafunzi wangu hawakuuelewa umetoka wapi.

Usikifanye biashara. Asali Prof. aliigawa yote, na kila aliyemshauri aiuze alimwitikia tu na kubadili mazungumzo. Nilidhani ni ukaidi. Siku niliyolipwa kwa mchoro wangu wa kwanza nikaona: kutoka hapo nilianza kuchora kile tu nilichokuwa na uhakika nacho.

Lakini nisimfanye malaika. Muda wa nyuki ulitoka kwa mtu, na kuna mwaka ulitoka kwangu. Rasimu ya tasnifu yangu ilikaa mezani kwake wiki tatu wakati makundi yalipokuwa yanahama, na mimi muda wa kuikabidhi unayoyoma. Nilimkasirikia na mpaka leo naona nilikuwa na haki. Alipoirudisha ilikuwa na doa la nta ukurasa wa kumi na moja, na pembeni yake neno moja: "Samahani." Kwa hiyo ukijipangia siku yako, watangazie mapema wanaokutegemea. Alhamisi tulishaizoea, hakuna aliyemtafuta. Zile wiki tatu ndizo hatukuambiwa.

Familia yake ilinipa mizinga miwili, pamoja na daftari lenye jalada la kijani alilokuwa akiandikia makosa yake, lenye tarehe, kosa, na mara chache sababu. Nusu ya mwisho ilikuwa haijaandikwa. Jumamosi iliyopita nilifungua mzinga mvua ikiwa inakaribia, nikijua kabisa nyuki huwa wakali hali ya hewa ikiwa hivyo, na bila glavu. Nimeumwa mara saba. Nikatafuta kalamu, nikaandika tarehe chini ya kosa lake la mwisho. Kwenye nafasi ya sababu nikaandika: haraka.