Nyumba ya mawe pale Mkunguni: maswali yenu

Maswali ya wiki hii yanahusu nyumba za kale za Lamu, hasa zilizo karibu na uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, soko likiwa ubavuni.

Assalamu alaykum, fundi. Ukuta wetu wa chini ulikuwa ukimomonyoka. Tukaupiga plasta ya saruji, sasa hali imezidi. Tulikosea wapi?

Wa alaykum salaam. Ni hiyo saruji. Mawe ya matumbawe hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi. Plasta ya chokaa huyaachia maji yatoke, ukuta ukakauka. Saruji huyafungia ndani. Basi yanapanda juu, na chumvi inaganda nyuma ya plasta ikilila jiwe taratibu. Bandueni yote. Uacheni ukuta ukauke, kwa miezi si kwa wiki, kisha mpige chokaa iliyoroweshwa ikaiva, kwa mchanga usio na chumvi. Fundi akiwaambia atie "saruji kidogo tu ishike", mpeni chai aende zake.

Vyumba ni vyembamba mno. Naweza kutoa ukuta mmoja nipate sebule?

Usiuguse! Upana ule umepimwa kwa boriti. Dari ni ya mawe na chokaa, nzito, na boriti ya mkoko huibeba vizuri katika upana usiozidi kama mita 3. Ndiyo maana ukitoka kiwandani, yaani uani, unapita misana, kumbi zinazoelekea ua, kisha chumba cha ndani, vyumba virefu vimefuatana. Ukuta unaokubana umebeba dari za pande mbili.

Nyumba ni yangu, hati ninayo. Kibali cha nini tena?

Ni yako, lakini mji wa kale unalindwa kisheria, na tangu 2001 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wafikie watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini hapo na mchoro wako kabla hujanunua hata kikapu cha chokaa. Ukinung'unika kwamba sheria inakukataza kubomoa ila haikununulii boriti, hapo niko upande wako.

Mpangaji ataka kutundika televisheni kwenye zidaka.

Zidaka ni vishubaka vya ukutani vya plasta iliyochongwa, ziliwekwa sahani za kauri. Msumari mmoja, nakshi inamwagika sakafuni. Mnunulie meza.