Maswali ya Wasomaji: Dirisha Limevimba, Umri Wake Haujulikani

SWALI: Kanisa letu ni dogo na lina madirisha matano ya vioo vya rangi. Hakuna maandishi yanayoonyesha yaliwekwa lini. Moja limevimba katikati, na nyuso za watakatifu zinafifia. Tuyasafishe? Na umri wake tutaujuaje?

JIBU: Kitambaa kiwekeni kando kwanza, ndugu zetu. Tazameni rangi ya njano kwenye nywele na mataji. Ikiwa imezama ndani ya kioo cheupe, imetokana na chumvi ya fedha iliyochomwa tanurini, ufundi ulioenea Ulaya mwanzoni mwa karne ya 14. Kioo hicho hakiwezi kuwa cha zamani zaidi. Kagueni pia pembe za chini, ambako mafundi wengi wa karne ya 19 waliacha jina na mwaka. Mwaka mwingine hujificha ndani ya mfereji wa madini ya risasi yanayoshika vioo, lakini huo ni umri wa risasi tu. Risasi hubadilishwa, kioo kikabaki.

Kufifia kwa nyuso nako ni ushahidi. Mistari ya uso huchorwa kwa oksidi ya chuma au shaba iliyochanganywa na unga wa kioo laini, kisha huchomwa hadi ishikane na kioo. Uingereza, katika miaka ya 1860 na 1870, mafundi kadhaa walitia boraksi, aina ya chumvi, ili moto mdogo utoshe. Boraksi huyeyuka kwa unyevu, na mchoro hugeuka vumbi. Kwa hiyo msisafishe: pamba yenye maji tu yaweza kuondoka na jicho zima la mtakatifu. Amonia na sabuni ndiyo msiguse kabisa!

Kuvimba kuna sababu zake: risasi ni laini na hutanuka kwa joto, puti ya chaki na mafuta ya kitani hukauka ikamomonyoka, na nyaya za shaba zinazofunga dirisha kwenye nondo hukatika. Anzeni na nyaya hizo. Laza rula ndefu juu ya uvimbe, pima kina chake, andika tarehe, rudia baada ya miezi sita. Msiusukume kwa mkono, vioo vitapasuka. Fundi hulishusha dirisha, akalilaza mezani na kulinyoosha taratibu.

Mkiweka kioo cha kinga kwa nje, acheni matundu ya hewa juu na chini. Kikizibwa, joto na unyevu hubaki katikati, na risasi huchoka mapema zaidi.