Poda ya mtoto: jibu la aliyewahi kuipima kwa kikombe sokoni

Dada, umeuliza: mtoto ana wiki tatu, mama mkwe akimaliza kumwogesha anampaka poda shingoni, kwapani, mpaka mapajani, nawe umesikia poda inaleta kansa. Nakujibu kama mtu aliyeuza poda miaka sita kwenye soko la Kenya (mtaa wetu hapa Lubumbashi, Kongo, si ile nchi), na aliyelala hospitali na mtoto kwa ajili ya poda hiyohiyo. Kwa mtoto iache. Ila si hasa kwa sababu unayoiogopa wewe.

Kansa kwanza, tuimalize. Poda za zamani nyingi ni talki, jiwe lililo laini kuliko madini yote, likisagwa linakuwa unga unaoteleza vidoleni. Huko ardhini talki na asbesto, madini ya nyuzi yanayoleta saratani yakivutwa, huweza kukaa mwamba mmoja, na pasipo uangalifu nyuzi za asbesto zinaingia kwenye unga. Mwaka 2024 shirika la WHO la utafiti wa saratani, lile la Lyon, Ufaransa, liliiweka talki kundi 2A: yaelekea inasababisha saratani. Mashaka makubwa ni saratani ya ovari kwa wanawake wanaojipaka sehemu za siri miaka nenda miaka rudi. Nyama ya ng'ombe na mbuzi nayo iko kundi hilo, na sijaona mtu wa Lubumbashi aliyesusa michopo, nyama yetu ya kuchoma. Kundi linaeleza ushahidi una nguvu gani, halipimi ukubwa wa hatari. Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya mtoto ya talki Marekani na Kanada 2020, na duniani kote 2023, wakabaki na ya wanga wa mahindi, ingawa wao wanashikilia kwamba talki yao ni salama. Basi huko chini asipakwe, na wewe usijipake.

Kinachonitisha mimi ni pumzi. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi minane. Nambadilisha nepi, anajinyonganyonga, nikampa kopo la poda achezee. Kifuniko sikukikaza. Akalipindua usoni, akakohoa, akapiga chafya, nikampangusa na kitenge, akacheka. Nikaendelea na sombe yangu jikoni. Baada ya kama saa tatu hivi namwona mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, na midomo imebadilika rangi. Daktari alinieleza kwamba ule unga hauyeyuki majini. Ukifika kwenye vijia vidogo vya hewa unakausha ute na kuziba, na dalili huweza kuchelewa masaa. Alikaa kwenye oksijeni siku mbili. Siku hizi ni kijana, anacheza mpira, lakini mtoto wako akivuta poda usidanganyike na kicheko chake. Mpeleke.

Sasa la sokoni, ambalo naliandika kwa aibu. Kopo zima lilikuwa ghali kwa wateja wangu, kwa hiyo nilinunua unga mweupe wa gunia kwa mtu aliyeuleta kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, naongeza marashi, napima kwa kikombe kwenye vifuko vya plastiki. Mama wenye watoto wachanga walipanga foleni. Siku moja akaja fundi wa matairi, mikono myeusi, akachukua kidogo, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaniambia, “Mama, ndiyo hii hii ninayoweka kwenye tairi, mpira wa ndani usigandane na wa nje. Nipimie vikombe kumi.” Nilimpimia, lakini usiku sikulala. Ile ilikuwa talki ya gereji, na hakuna aliyewahi kuipima kwa ajili ya ngozi ya mtoto. Ufaransa mwaka 1972 walikufa watoto 36 kwa poda ya talki ya chapa ya Morhange, sababu kiwandani ilichanganyika na dawa ya kuua vijidudu, heksaklorofeni, kupita kiasi. Hao walikuwa na kiwanda na lebo. Mimi nilikuwa na kikombe.

Kwa hiyo kama nyumbani mnataka poda, nunua kopo lililofungwa, soma nyuma. Ukiona “talc”, ni talki. Ukiona “amidon de maïs”, ni wanga wa mahindi. Huo wanga nao si wa kuvutwa na mtoto. Kwenye mikunjo ya shingo na mapaja kitambaa kikavu kinatosha, na nepi ibadilishwe mapema. Pakibabuka, mafuta ya zinki au vazelini. Vikitokea vipele vyekundu vyenye kingo na vidoa pembeni, mara nyingi ni fangasi, poda haitibu, nenda kituo cha afya. Kitovu kisiguswe na unga wowote. (Ile pemba wanayokula wajawazito ni udongo wa kaolini, si talki, na hiyo ina kesi yake.)

Talki yenyewe sina ugomvi nayo. Vidonge vingi vya duka la dawa vina talki kidogo ili visinate mashineni. Hata baba mkubwa, maji yalipomjaa mara kwa mara kati ya pafu na ukuta wa kifua kwa sababu ya uvimbe, madaktari wa Afrika Kusini walimwekea talki iliyosafishwa vijidudu, ile nafasi ikagandana, maji yakakoma. Familia nzima tulipiga kelele: poda, kifuani? Kumbe kazi yake pale ni kuchokoza ili pagandane, kitu kilekile usichokitaka kwenye pafu la mtoto.

Kwa mama mkwe, usimletee habari za WHO. Mnunulie kopo lake la kujipaka shingoni akienda kanisani, mwambie la mtoto daktari amekataa. Na siku matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanatoka, vijana wakianza kumwagiana unga barabarani, mfunge mtoto mgongoni muingie ndani.

Gunia lililobaki nilimuuzia yule fundi kwa hasara. Hadi leo akinikuta anauliza kama nimepata lingine.