Sosi Mwisho, Mdogo Wangu

Juzi usiku niko kazini, wazee tunaowatunza wote wameshalala, simu ikatetemeka mfukoni. Msomaji wangu wa Tanga ameniletea picha ya kikaango. Ndani yake kuna kitu cheusi kimeng'ang'ania chuma kama lami. Chini ameandika: "Dada, ile sandwichi yako ya kuku wa teriyaki nimeijaribu leo. Nje mkaa, ndani mbichi. Shemeji yako amecheka mpaka akatoka nje. Mirin nimeikosa huku, ndiyo iliyoniharibia?" Kwa msiojua, teriyaki ni upishi wa Kijapani, nyama inang'arishwa kwa sosi tamu ya soya, na mirin ni kile kiungo chao kitamu cha mchele kinachotiwa humo.

Nikacheka na mimi. Halafu kicheko kikakatika, maana kikaango kile nakijua. Kiliwahi kuwa changu.

Ilikuwa Idi yangu ya kwanza huku Marekani, Kent, kusini ya Seattle. Nimetoka Mombasa miezi mitano tu, bado naamka alfajiri nikidhani nasikia adhana ya msikiti wa mtaani kwetu. Wifi yangu, dadake mkubwa mume wangu, alikuwa ametualika kwake, nikasema hapana, mwaka huu njooni kwangu. Tena nikajigamba: biryani mnakula kila siku, mimi nitawapikia cha huku. Nilikuwa nimeona video moja, dakika mbili, dada mmoja anamimina sosi, kuku anang'aa kama kioo, anamtia ndani ya mkate, kwisha. Nikajiona nimeshajua.

Nikaenda duka la Waasia, nikakamata chupa ya mirin. Nikasoma karatasi ya nyuma: kilevi, kama asilimia 14. Nikairudisha kwenye rafu haraka kama imeniunguza, nikatazama nyuma na mbele kama kuna mtu wa msikitini aliyeniona. Nikasema basi, asali itafaa. Nikanunua na vidari vya kuku, vile vinene, kwa sababu yule dada wa video alitumia vidari.

Siku ya Idi wageni wamejaa sebuleni, mimi jikoni na kikaango kimewaka moto mkali. Nikatia kidari kibichi, nikamimina sosi ya soya na asali juu yake papo hapo. Harufu ilikuwa nzuri kwa dakika moja hivi. Ya pili ikaanza kuwa kali. Ya nne kengele ya moshi ikalia, ile ya nyumba za huku, inayopasua masikio mpaka majirani wanafungua milango. Wifi akapanda juu ya kiti na leso yangu, anaipunga kengele. Leso yenyewe imeandikwa *Hasidi hana sababu*. Mimi nimesimama na mwiko, watoto wanakohoa, na maneno yale yanapita mbele ya macho yangu, yanakwenda na kurudi.

Kengele ilipotulia, wifi akashuka, akachungulia kikaangoni, akasema mbele ya watu wote: "Umetoka Mombasa mpaka Marekani kuja kuchoma asali?"

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Ya wifi ningeimeza, wifi ni wifi. Ya mume ndiyo iliyonikaa. Wakaagiza piza, nikala vipande viwili huku natabasamu, na walipoondoka nikasugua kikaango mpaka saa saba usiku.

Miezi iliyofuata haina hadithi. Kuku wengi, wa kulika wachache.

Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa zamu ya usiku, mama wa Kikorea, aliyenichukua asubuhi moja baada ya kazi twende kula. Hapa Seattle teriyaki ni kama viazi karai kwetu: kila kona ina kiduka, sahani ni wali, kuku, na kachumbari ya kabichi, na mlaji ni fundi bomba, mwanafunzi, nesi, yeyote. Aliyeianzisha hivyo ni Mjapani aliyekuja huku, Toshihiro Kasahara, aliyefungua duka lake mwaka 1976. Baadaye wahamiaji wa Kikorea wakanunua na kufungua maduka mengi ya aina hiyo, na mwenzangu alikuwa na jamaa yake mwenye duka moja. Sasa sikiliza hili, mdogo wangu wa Tanga: sosi ya Seattle hutiwa utamu kwa sukari ya kawaida, hawangojei mirin. Mjapani mwenyewe, amefika ugenini, kapika kwa alichonacho. Halafu mimi na wewe tunalia kwa ajili ya chupa!

Nikasimama karibu na kaunta nikimwangalia mpishi. Alikuwa anapika mapaja, si vidari. Kuku akaiva, akashuka, akakatwa vipande, na ndipo mpishi akachota sosi kwenye sufuria iliyokuwa pembeni, nzito tayari, akammwagia. Nilisimama pale nimeshika trei kama mjinga. Sosi ilikuwa mwisho. Mimi niliitia mwanzo. Kuku wangu hakuwa na kosa lolote.

Na jina lenyewe lingeniambia kama ningeuliza. Kwa Kijapani *teri* ni mng'aro, *yaki* ni kuchoma au kubanika. Kule kwao hupakwa sosi nyama inapokaribia kuiva, mara mbili tatu, mpaka ing'ae. Sukari haivumilii moto mkali. Inageuka rangi ya dhahabu, inageuka kahawia, ukipepesa jicho ni mkaa, na asali ndiyo mbaya zaidi, inaungua mapema kuliko sukari. Kuku mbichi anataka dakika kumi na zaidi, sukari haina hata tatu. Ukiwatia pamoja, mmoja lazima akuaibishe.

Basi fanya hivi. Mapaja manne yasiyo na mfupa wala ngozi, ya kuku wa kisasa. Kuku wa kienyeji muachie mchuzi, ukimtia kwenye mkate utamtafuna mpaka Isha. Yakaushe kwa karatasi ya jikoni, maana nyama yenye maji haikaangiki, inachemka. Pilipili manga kidogo, chumvi usitie kabisa, soya ina chumvi ya kutosha ukoo mzima. Kikaango, kijiko cha mafuta, moto wa wastani. Laza kuku na umwache. Najua mkono unawasha kumgeuza. Mwache dakika tano au sita, geuza, tano nyingine. Kata kuku katikati uone maji yake yakitoka meupe. Mimi siku hizi natumia kipimajoto cha nyama, kikifika nyuzi 74 za Selsiasi natulia. Tangu siku ile ya Idi siamini macho yangu.

Wakati kuku anaiva, kwenye sufuria ndogo tia robo kikombe cha sosi ya soya, robo kikombe cha maji, vijiko vitatu vya chakula vya sukari, kijiko kimoja cha siki, tangawizi uliyokuna na punje mbili za kitunguu thomu. Ikichemka, koroga kijiko cha chai cha konflawa kwa maji baridi, mimina, endelea kukoroga mpaka iwe nzito na ing'ae. Epua. Kuku akishaiva, futa mafuta yaliyobaki kikaangoni, punguza moto uwe mdogo kabisa, kisha mimina sosi. Dakika moja. Mgeuze mara mbili, zima. Narudia, sosi mwisho.

Kwa wanaoniuliza kuhusu soya na halali: ile inayochachushwa kiasili huwa na kilevi kidogo kinachojitokeza chenyewe. Zipo chupa zenye alama ya halali, mimi nanunua hizo. La hukumu muulize sheikh wako, mimi ni mtu wa jikoni. Na wale wa nanasi: kipande cha nanasi ndani ya sandwichi ni kizuri mno, lakini usimlaze kuku usiku kucha kwenye maji ya nanasi bichi, litamla nyama mpaka awe kama uji.

Mkate ni wowote, boflo, slesi, hata skonzi, ila upashe moto upande wa ndani kwanza ili sosi isiuloweshe. Kabichi iliyokatwa nyembamba, ndimu, mayonezi kijiko kimoja. Kwisha. Na akija mtu kukwambia teriyaki ni ya wali, mkate umeutoa wapi, mwambie Wajapani wenyewe waliitia kwenye mkate mwaka 1973, mgahawa wa MOS Burger, na inaliwa mpaka leo.

Mnaonisoma nawajua. Kila mmoja wenu ana kibanda kichwani mwake, mwingine ameshachagua na rangi ya kibao. Mimi pia. Lakini mnakimbilia chupa. Mnaniandikia: dada, mirin tunapata wapi, ufuta mweusi tunapata wapi, kikaango kile cha video ni cha kampuni gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza moto uwe kiasi gani! Jamani, jifunzeni moto. Mpike kuku yuleyule mara kumi kabla hamjabadilisha kitu. Na mkichekwa, chekeni nao, mle piza yao, kesho yake mrudi jikoni. Mamangu alikuwa akiuza mahamri asubuhi kabla jua halijatoka, na sikumbuki siku aliyoilaumu hiliki.

Mwaka jana binti wa wifi alimaliza shule. Wifi hakunipigia mimi, alimpigia mume wangu: "Mwambie mkeo atutengenezee zile za kuku, watu arobaini." Nikatengeneza arobaini na tano. Zilikwisha kabla ya keki kukatwa, na nilimwona kwa macho yangu anaficha mbili kwenye karatasi ya foili, anazitia mkobani. Mpaka leo hajasema kitu kuhusu ile Idi. Wiki iliyofuata akaniomba maelekezo, nikampa yote. Isipokuwa siki. Siki sikumtajia, Mungu anisamehe.

Sasa kikaango chako, mdogo wangu, usikitupe. Kijaze maji, kiweke jikoni kichemke dakika kumi, kile cheusi kitaanza kuachia chenyewe. Halafu mpe shemeji yangu akisugue, si yeye ndiye aliyecheka?