Muulize Fundi Maji: Wakichimba chokaa, chemchemi yetu itakauka?

Swali: Shikamoo mzee. Kijijini kwetu Kasulu kuna watu wanataka kufungua machimbo ya mawe ya chokaa mlimani, juu ya chemchemi tunayochota. Mwanangu anayesoma Uingereza anasema huko Wales kuna mlima wa chokaa, Halkyn, ambako wachimbaji walikausha chemchemi maarufu. Ni kweli, au ananitisha tu?
*Mama msomaji, Kasulu*

Jibu: Marahaba mama. Ni kweli kabisa.

Mlima wenyewe si mrefu. Kwetu Buha tungeuita kilima. Juu ni nyasi fupi na vichaka, kondoo wanajilia. Chini umetobolewa kila upande, maana madini ya risasi yalichimbwa pale tangu enzi za Warumi, na mawe ya chokaa yakavunjwa vilevile. Adui wa wachimba risasi alikuwa maji. Basi mwaka 1897 wakaanza handaki, liitwalo Milwr, kutokea ufukweni kwenye mlango wa mto Dee, chini kabisa, ili maji ya migodini yateremke yenyewe. Baadaye lilifika kilomita 16 hivi. Januari 1917 likatoboa mkondo wa chini ya ardhi, na chemchemi ya Mtakatifu Winefride mjini Holywell, ambayo mahujaji wameizuru kwa karne nyingi, ikakatika. Maji yanayotoka pale leo yameletwa kutoka kwingine.

Sababu ni jiwe lenyewe. Mvua hubeba hewa ya kaboni, ikawa na ukali kidogo, ikalila jiwe la chokaa mpaka nyufa zikawa mifereji. Kwenye mchanga maji hujipenyeza taratibu yakichujika; kwenye chokaa hukimbia kama yamo bombani. Ukilikata bomba, wa chini hapati kitu.

Sasa ya kwenu. Wale wa Wales walipita chini ya maji. Nyinyi mnachimbiwa juu yake, kwa hiyo mimi siogopi sana kukauka. Naogopa uchafu: udongo ukiondolewa, dizeli, majivu ya tanuri na choo cha vibarua vitateremka na mvua ya kwanza moja kwa moja ndooni mwako. Na mwenye machimbo atakwambia maji mbona ni meupe tu! Weupe si usafi, mama.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Kwa chokaa, mita 60 naziona chache mno, lakini anzieni hapo. Andikeni barua kupitia serikali ya kijiji kwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi iko hapa Kigoma mjini, mwombe mtaalamu aje kabla jiwe la kwanza halijavunjwa. Wakati mnasubiri, kila Jumamosi mtoto mmoja apime kwa saa ya simu ndoo ya lita 20 inajaa kwa muda gani, aandike daftarini pamoja na rangi ya maji baada ya mvua. Kiangazi msiache. Bila daftari hilo, siku ya ubishi mtakuwa na maneno matupu.