Wahindu wote hawali nyama?

SWALI: Mhariri habari, rafiki yangu wa kazini ni Mhindu na amenialika kwao, eti ni kweli wote hawali nyama? Na mimi si wa dini yao, naruhusiwa kweli kuingia hekaluni?

JIBU: Nzuri ndugu. Hapana, si wote, hilo watu wanalikuza sana. Kule Bengali, mashariki mwa India, kwa mfano samaki ni chakula cha kila siku hata kwa Wabrahmini wengi, yaani tabaka la makuhani, ila nyama ya ng'ombe ndo wengi hawagusi kabisa kwa sababu ng'ombe wanamheshimu kama mama. Wasiokula nyama wanashika ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe, na wengi wao hata yai kwao ni nyama tu, wengine wanaomfuata Vishnu, mmoja wa miungu yao wakuu, vitunguu na saumu pia hawataki, kwa hiyo we muulize mwenyewe usikisie. Wapo pia wanaokula nyama lakini siku fulani ya wiki wanaacha.

Hekaluni mara nyingi unakaribishwa vizuri tu, hawakulazimishi ubadili dini, wengi wao wanaamini njia za kumfikia Mungu ni nyingi. Lakini si kote, hekalu la Jagannath pale Puri, India, asiye Mhindu haingii. Viatu unaacha nje, na ukipewa prasada, kile chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu wao, pokea kwa mkono wa kulia. Kama imani yako haikuruhusu kula, kataa kwa upole, hawakasiriki.