Maswali ya Wasomaji: Jiwe la Kijani, Betri, Kunguru na Gitaa

Maswali yaliyofika mwezi huu ni mengi kuliko nafasi iliyopo. Nimechagua yale yaliyoulizwa na watu zaidi ya mmoja, pamoja na yale ambayo mwulizaji ameonyesha kwamba kitu chenyewe amekishika mkononi au amekitazama kwa makini kabla ya kuandika. Maswali ya namna hii hunifurahisha kuliko yote.

Mwalimu, baba amerudi kutoka Likasi na kipande cha malakiti, akasema kwamba hiyo ni shaba. Lakini waya wa shaba ni mwekundu, na jiwe hili ni la kijani kabisa. Inawezekanaje? (Mwanafunzi wa sekondari, komini ya Katuba, Lubumbashi)

Baba yako hakukosea, mwanangu. Malakiti ni shaba iliyoshikana na kaboni, oksijeni na hidrojeni, na zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe hilo ni shaba yenyewe, ule mukuba wa wazee wetu. Shaba ikiwa tupu, elektroni zake hutembea huru ndani yake na kumeza sehemu ya mwanga wa buluu na wa kijani, kwa hiyo mwanga unaorudi machoni petu ni mwekundu. Ndani ya malakiti shaba imefungwa pamoja na wenzake, haina tena uhuru ule, nayo humeza mwanga mwekundu na kuurudisha wa kijani. Jiwe lenyewe huzaliwa karibu na uso wa ardhi, pale maji ya mvua yaliyobeba gesi ya kaboni dioksaidi yanapopenya na kukutana na mawe ya shaba yaliyoanza kuoza. Maji hayo huacha tabaka juu ya tabaka kwa muda mrefu sana, na ndiyo sababu kipande kilichosuguliwa vizuri na wachongaji wetu huonyesha miviringo ya kijani chepesi na kijani kilichokolea, mithili ya pete za mti uliokatwa.

Usiniamini kwa maneno matupu. Ponda kichembe cha jiwe hilo mpaka kiwe unga, ukitie ndani ya glasi yenye siki nyeupe. Utaona mapovu madogo yakipanda: hiyo ni ile kaboni dioksaidi iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Kesho yake siki itakuwa imegeuka buluu inayoelekea kijani. Sasa chukua msumari, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, uutumbukize humo na usubiri. Msumari utavaa ngozi nyekundu, na ngozi hiyo ni shaba tupu, kwa sababu chuma cha msumari kimeyeyuka kidogo na kuiachia shaba nafasi yake. Nimelifanya jaribio hili mbele ya madarasa mengi, na kila mara kuna mtoto anayeomba kuondoka na ule msumari. Kimiminiko hicho ni sumu. Usikionje, usitumie tena glasi hiyo kwa kunywea, na usikimwage kwenye bustani ya mboga.

Kazi hiyohiyo ndiyo inayofanywa katika viwanda vya Likasi na Kolwezi, ila mahali pa siki pana asidi ya salfa, na mahali pa msumari pana umeme unaoivuta shaba itoke katika kimiminiko na kujibandika juu ya mabamba. Wazee waliokuwako kabla ya viwanda walipita njia ya moto. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakapanga malakiti na makala, yaani mkaa, kwa tabaka, wakavukuta mpaka joto likapita nyuzi 1,085, ambapo shaba huyeyuka, kisha wakaimimina katika vyombo vya udongo vyenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha, na mingine imekutwa ndani ya makaburi ya kale katika bonde la Upemba.

Kwa nini mwezi wa Juni hapa Lubumbashi tunavaa makoti, wakati ndugu zetu wa Kinshasa hawajui baridi? (Baba wa familia, Kampemba)

Sababu ni tatu na zote zinafanya kazi pamoja. Sisi tuko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na wao wako karibu mita 300 tu. Sisi tuko mbali zaidi na ikweta upande wa kusini, na mwezi wa Juni jua liko upande wa kaskazini. Tena kiangazi chetu hakina mawingu: usiku joto la ardhi hupaa moja kwa moja angani bila kitu cha kulizuia, na alfajiri kipimo hushuka chini ya nyuzi 10.

Mimi natengeneza simu karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Wateja wananiambia kwamba ndani ya betri kuna kobalti yetu, wengine wanasema magari mapya ya umeme hayaihitaji tena. Nani ana haki? (Fundi wa simu, komini ya Kenya)

Wote wana haki, ndugu yangu, na jambo hili lastahili kuelezwa polepole kwa kuwa mkate wa watu wengi katika mkoa wetu umo ndani yake.

Betri ya simu hufanya kazi kwa kusafirisha chembe za lithiamu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Unapochaji, chembe zinahamia upande wa grafiti. Unapotumia simu, zinarudi nyumbani kwao, na nyumba hiyo ni oksaidi ya kobalti. Iwazie kama daftari lenye kurasa nyingi nyembamba, ambamo lithiamu huingia na kutoka katikati ya kurasa. Kobalti inazishika kurasa hizo zisianguke lithiamu inapotoka, ndiyo maana betri inaweza kuchajiwa mara mamia bila kufa. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake walionyesha huko Oxford kwamba oksaidi hiyo inafaa, mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za aina hiyo, na mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Katika simu, kobalti ni gramu chache. Katika gari la umeme ni kilo kadhaa, na hapo ndipo watengenezaji walipoanza kutafuta njia nyingine. Kwanza waliipunguza kwa kuichanganya na nikeli na manganizi. Kisha wakageukia betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata chembe. Hizo ni nzito kidogo kwa umeme zinaobeba, lakini ni rahisi na hazishiki moto upesi, na magari mengi yanayotoka China sasa yanazitumia. Kwa hiyo mteja wako wa pili anasema kweli kuhusu magari hayo, na yule wa kwanza anasema kweli kuhusu simu iliyo mezani pako.

Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote inayochimbwa duniani. Hapa kwetu kobalti hukaa pamoja na shaba, katika mgodi uleule, hivyo anayeongeza shaba huongeza kobalti atake asitake, na ikizidi sokoni bei inaanguka. Ndivyo ilivyotokea mpaka serikali ikasimamisha uuzaji wake nje mwezi wa Februari 2025, kwanza kwa miezi minne, ikaongeza muda, kisha mwezi wa Oktoba ikaweka kiasi maalumu cha kuuza. Shaba haimo katika mashaka hayo. Gari la umeme, liwe na betri ya aina yoyote, linakula shaba zaidi ya mara mbili ya ile ya gari la petroli.

Nawe umeuliza pembeni kama viwanda hivi kweli ni vya kijani, yaani haviharibu mazingira. Sehemu ya umeme unaovuta shaba yetu hutoka katika mabwawa ya Mwadingusha na Koni juu ya mto Lufira, na Nzilo na Nseke juu ya Lualaba, na umeme wa maji hauna moshi. Hilo ni jema la kweli. Lakini mtaani kwako mama anapika kwa makala, na miti ya miombo iliyozunguka mji huu inakwisha kwa sababu ya makala hayo, huku nyaya za umeme zikipita juu ya paa lake kwenda mgodini. Tena mtu anayechimba kwa mikono bila kinga anavuta vumbi la kobalti, nalo linaharibu mapafu. Mimi sitakiita kiwanda cha kijani mpaka mambo hayo mawili yamerekebishwa. Nawe mwenyewe, betri iliyovimba usiitoboe na usiitupe kwenye moto wa takataka. Iweke peke yake ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyowaka.

Babu anasema Mazembe imechukua kombe la Afrika mara tano, mimi nahesabu mara tatu. Tena je, ni kweli ilifika fainali ya dunia? (Kijana wa Kamalondo)

Msikilize babu. Wewe unahesabu 2009, 2010 na 2015, na yeye anaongeza 1967 na 1968, wakati timu ikiitwa Englebert. Ilizaliwa mwaka 1939 kwa mikono ya wamonaki Wabenedikto, ikiitwa Saint-Georges, na ikabadilisha jina zaidi ya mara moja. Kuanzia 1967 mpaka 1970 ilicheza fainali nne mfululizo, ikashinda mbili na kupoteza mbili.

Ile ya dunia, yaani ya Kombe la Dunia la Vilabu, ni kweli tupu. Huko Abu Dhabi, Desemba 2010, Kunguru wetu (ndilo jina la utani la Mazembe) waliifunga Pachuca ya Meksiko 1-0, wakaifunga Internacional ya Brazil 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, halafu tarehe 18 wakafungwa 3-0 na Inter ya Milano. Hakuna timu nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyowahi kufika hapo kabla yao. Raja Casablanca ya Moroko ilifuata mwaka 2013. Watu wengi duniani wanamkumbuka kipa Robert Kidiaba akirukaruka amekaa chini kwa furaha, nami nawaomba wakumbuke pia mikono yake langoni katika mechi zile mbili ambazo hakuruhusu bao hata moja. Mwambie dada yako pia kwamba mwaka 2024 wanawake wa Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika.

Nafyatua matofali kwa udongo wa kichuguu kikubwa. Jirani anasema mchwa ndio waliokijenga, mimi naona ni kilima tu. Na kwa nini mboga zinastawi juu yake? (Mama wa komini ya Annexe)

Mama, jirani yako ana haki, ingawa nakuelewa, maana vichuguu vya Katanga vinafika urefu wa mita tano na zaidi. Mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini, tonge moja moja, wakiuloanisha kwa mate yao. Ndani wana mashamba: wanalimia kuvu juu ya majani na miti waliyotafuna, na kuvu hao mvua zinapoanza hutokeza ule uyoga mkubwa, bowa, unaouzwa kando ya barabara. Udongo walioupandisha una mfinyanzi mwingi na chokaa zaidi kuliko ardhi yetu nyekundu, ambayo ni chachu, na mboga zako zinakifurahia chakula hicho.

Wataalamu waliopima umri wa vichuguu vya jirani na mji huu wamekuta kimoja kilichofikisha zaidi ya miaka 2,000. Sitakuambia uache kazi inayolisha watoto wako. Ila kama unavyo viwili shambani, fyatua kutoka kile kilichokufa, ambacho hata ukikivunja mchwa hawatoki kuziba tundu, na ukiache kile chenye uhai kiendelee kukupa bowa na kumbikumbi.

Nina gitaa la mbao lisilo la umeme. Natamani kupiga kama Jean-Bosco Mwenda, lakini ninaposikiliza nasikia magitaa mawili. Mwenzake alikuwa nani? (Msomaji wa Likasi)

Hakuwa na mwenzake. Katika rekodi hiyo unayoisikia yuko peke yake, na ilirekodiwa mjini kwako. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, na mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akarekodi kipande kinachoitwa Masanga. Kutoka hapo jina lake lilitembea mbali: Nairobi, ambako yeye na Edouard Masengo walikaa na kuwafundisha vijana wa Kenya kupiga gitaa kavu, na hata tamasha la Newport huko Marekani mwaka 1969. Nyimbo zake nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na watu wa Nairobi hawakuhitaji mkalimani. Alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Magitaa mawili unayosikia ni vidole viwili vya mkono wa kulia. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene bila kusimama, kama mtu atembeaye kwa hatua sawa. Kidole cha shahada kinapiga nyuzi nyembamba, nacho hakifuati hatua hizo. Kinaingia katikati yake, mara mbele kidogo, mara nyuma kidogo, na sikio linadanganyika kwamba kuna mtu wa pili. Ugumu wote uko hapo. Kijana anayeanza na vidole vyote viwili kwa pamoja atachoka na kuliweka gitaa ukutani. Anza na gumba peke yake, wiki nzima ikibidi, mpaka uweze kuzungumza na mtu aliye mlangoni huku gumba likiendelea. Siku hiyo ongeza shahada, kwa noti moja tu, pale ambapo gumba limenyamaza.